Jinsi kafeini inavyoathiri milango ya kalsiamu katika misuli laini

KATIKA mtaa wa Baba Dogo, jijini Nairobi, siku ya kazi huanza kwa chai. Vibarua wanaoelekea viwandani, mafundi wa jua kali na wachuuzi wa mboga hupata kikombe cha kwanza vibandani kabla jua halijachomoza. Wengi hunywa ili kufukuza usingizi na baridi. Wachache hujua kwamba kinywaji hicho kina kemikali inayogusa misuli ambayo binadamu hawezi kuiamrisha: misuli ya njia za hewa, mishipa ya damu, tumbo, kibofu na mji wa mimba.

Kemikali hiyo ni kafeini. Imo katika majani ya chai, buni, soda za kola, vinywaji vya kuongeza nguvu na hata katika baadhi ya vidonge vya kutuliza maumivu. Kwa zaidi ya karne moja, wanasayansi wameitumia kuchunguza namna misuli inavyokaza na kulegea, na kwa njia hiyo wakafahamu mengi kuhusu milango midogo inayopitisha kalsiamu ndani ya seli.

Elimu hiyo ina manufaa ya moja kwa moja kwa mwananchi. Mgonjwa wa pumu anayetegemea chai kali badala ya dawa, mwenye shinikizo la damu anayekunywa kahawa kabla ya kupimwa, na mama mjamzito anayekunywa vikombe vingi kwa siku, wote wanahusika.

Misuli laini ni ipi?

Mwili una misuli ya aina tatu. Kuna misuli ya mifupa, ambayo mtu huitumia kutembea na kubeba mzigo. Kuna misuli ya moyo. Aina ya tatu ni misuli laini, inayozunguka viungo vyenye uwazi ndani, kama vile koromeo la hewa, mishipa ya damu, utumbo, kibofu na mji wa mimba. Huitwa laini kwa sababu, ikitazamwa kwa darubini, haina mistari ya mkato inayoonekana katika aina hizo nyingine mbili.

Misuli hii hufanya kazi bila mtu kuifikiria. Inapokaza kwenye mshipa wa damu, mshipa huwa mwembamba na shinikizo hupanda. Inapokaza katika vijia vya mapafu, hewa hupita kwa shida na kifua hutoa sauti ya filimbi. Ikilegea, njia hizo hupanuka tena.

Kinachoamua ikaze au ilegee ni kiasi cha kalsiamu kilichomo ndani ya seli zake.

Kalsiamu, ufunguo wa kukaza

Watu wengi huijua kalsiamu kama madini ya mifupa na meno, yapatikanayo katika maziwa, omena na mboga za majani. Lakini kiasi kidogo sana cha madini hayo huzunguka katika damu na kufanya kazi ya mjumbe. Mwaka 1883 daktari Mwingereza, Sidney Ringer, alieleza jinsi alivyogundua kwamba moyo wa chura uliotolewa mwilini hauendelei kupiga vyema katika maji ya chumvi yasiyokuwa na kalsiamu. Tangu hapo, dhima ya kalsiamu katika misuli imechunguzwa bila kukoma.

Seli ya misuli laini inapopumzika, kalsiamu iliyo huru ndani yake huwa ni kidogo mara 10,000 hivi kuliko iliyoko nje. Seli hugharamia nguvu nyingi kuidumisha hali hiyo: pampu zilizo kwenye utando wake huitoa kalsiamu nje au kuisukuma kwenye ghala lililo ndani ya seli. Kwa hiyo seli ni kama nyumba iliyozingirwa na maji, ambayo ukuta wake una milango iliyofungwa imara. Mlango mmoja ukifunguliwa kwa muda mfupi tu, kalsiamu huingia kwa kasi.

Milango hiyo ni protini, na iliyo muhimu zaidi ni ya aina tatu. Ya kwanza iko kwenye utando wa nje, nayo hufunguka umeme wa utando huo unapobadilika. Wataalamu huiita milango ya aina ya L. Ya pili na ya tatu ziko kwenye ukuta wa ghala la ndani. Mmojawapo hufunguliwa na mjumbe wa kikemikali aitwaye IP3, anayezalishwa homoni inapobisha hodi kwenye seli. Mwingine huitwa kipokezi cha rayanodini, jina lililotokana na sumu ya mmea wa Amerika Kusini inayojishikiza kwenye mlango huo.

Kalsiamu ikishaongezeka ndani ya seli, hushikana na protini iitwayo kalmodulini. Wawili hao huamsha kimeng'enya kinachoitia chapa ya fosfeti protini nyingine, miosini. Miosini iliyotiwa chapa hushika nyuzi za aktini na kuzivuta, na hapo seli hufupika. Ili misuli ilegee, kalsiamu hurudishwa ghalani au nje, na kimeng'enya kingine huiondoa chapa ile.

Dawa kadhaa zinazotumiwa sana hospitalini hulenga hatua hizi. Nifedipini na amlodipini, ambazo wagonjwa wengi wa shinikizo la damu nchini Kenya wanazifahamu, huzuia milango ya aina ya L. Kalsiamu ikipungua, mishipa hulegea na shinikizo hushuka. Nifedipini hutumika pia kutuliza mji wa mimba pale uchungu wa uzazi unapoanza kabla ya wakati.

Kafeini yaingia maabarani

Kafeini ilitengwa kutoka kwa buni kwa mara ya kwanza mwaka 1819 na mwanakemia Mjerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, baada ya mshairi Goethe kumpa punje za kahawa na kumhimiza azichunguze. Baadaye wanasayansi waliona kwamba msuli wa chura ukitumbukizwa katika maji yenye kafeini nyingi, hukaza wenyewe bila kuamrishwa na neva.

Sababu ilianza kueleweka vyema katika karne ya 20. Mwaka 1970, mtafiti wa Japani Makoto Endo na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kalsiamu kidogo inaweza kuchochea ghala la ndani litoe kalsiamu nyingi zaidi, na kwamba kafeini huikuza tabia hiyo. Ikabainika kuwa kafeini huufanya mlango wa rayanodini uwe mwepesi kufunguka: kalsiamu ambayo kwa kawaida isingetosha kuufungua hutosha pindi kafeini inapokuwapo.

Wakati huohuo, uchunguzi mwingine ulikuwa ukifuata njia tofauti. Mmarekani Earl Sutherland, aliyetuzwa Nobeli mwaka 1971 kwa kazi yake kuhusu homoni, aligundua mjumbe wa ndani ya seli anayeitwa AMP ya mzunguko. Yeye na wenzake walitambua pia kwamba kafeini na jamaa zake hukizuia kimeng'enya kinachomvunja mjumbe huyo. Katika misuli laini, mjumbe huyu anapoongezeka, misuli hulegea.

Hivyo basi ikajitokeza hali ya kushangaza. Kemikali moja hufungua mlango unaokaza misuli, na papo hapo hukuza ishara inayoilegeza.

Sehemu nne zinazoguswa

Utafiti uliofanywa kwa vipande vya mishipa ya damu, vijia vya mapafu na utumbo wa wanyama umeonyesha kwamba kafeini hugusa angalau sehemu nne katika misuli laini.

Kwanza, hufungua milango ya rayanodini na kuliacha ghala likimwaga kalsiamu. Kipande cha msuli kikiwekwa katika kafeini nyingi, hukaza ghafla kwa muda mfupi. Hukaza hata kama maji yanayokizunguka hayana kalsiamu yoyote, na huo ndio ushahidi kwamba kalsiamu inayotumika ilitoka ndani ya seli yenyewe.

Pili, huzuia kimeng'enya cha fosfodiesterasi, kile kinachovunja AMP ya mzunguko. Mjumbe huyo hujazana, kalsiamu husukumwa kurudi mahali pake na kimeng'enya kinachoitia chapa miosini hupunguzwa makali. Ndiyo maana baada ya kule kukaza kwa muda mfupi, kipande kilekile hulegea na kubaki kimelegea.

Tatu, kafeini huzuia milango ya IP3 na, ikiwa nyingi, hupunguza pia kalsiamu inayopita kwenye milango ya aina ya L. Homoni ambayo ingekaza msuli hukuta mlango wake umebanwa. Hii ni sababu nyingine ya msuli kulegea.

Nne, huziba vipokezi vya adenosini, kemikali ambayo mwili huitengeneza wenyewe kadiri unavyotumia nguvu. Adenosini huleta usingizi katika ubongo na hupanua mishipa mingi ya damu. Kafeini ina umbo linalofanana nayo kiasi cha kuweza kukalia nafasi yake, ila haifanyi kazi yake. Ni kama mtu aliyekalia kiti cha mwenyekiti kwenye baraza: hasemi lolote, lakini mwenyewe hana pa kukaa.

Kuna jambo jingine lililowashangaza wataalamu. Mwaka 1995, kikundi cha Mark Nelson wa Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, kilionyesha kwamba katika mishipa ya damu, milango ya rayanodini ikitoa kalsiamu kwa cheche ndogondogo karibu na utando wa nje, matokeo yake ni kulegea. Cheche hizo hufungua njia za potasiamu, umeme wa utando hubadilika, na milango ya aina ya L hufungwa. Kwa hiyo kalsiamu inaweza kukaza au kulegeza msuli, kutegemea imetolewa wapi na kwa kiasi gani.

Kipimo ndicho kinachoamua

Hapa ndipo makosa mengi hufanywa katika kueleza habari za kafeini. Matokeo ya maabara hayawezi kuhamishwa hivihivi hadi kwenye kikombe cha chai.

Ili kufungua milango ya rayanodini, watafiti hutumia kafeini ya kiasi cha miligramu 200 hadi 2,000 au zaidi katika kila lita ya maji yanayouzunguka msuli. Mtu mzima akinywa kikombe cha kahawa chenye miligramu 100 za kafeini, damu yake hupata takriban miligramu 2 kwa lita. Tofauti ni mara 100 hadi mara 1,000. Damu ikifikia miligramu 80 hadi 100 kwa lita, maisha huwa hatarini: moyo hupoteza mpigo wake na mgonjwa huweza kupata degedege. Mtu angefariki kabla kafeini haijafikia kiwango cha kumwaga ghala la kalsiamu katika misuli yake laini.

Kuzuia fosfodiesterasi nako huhitaji kafeini nyingi kuliko inayopatikana katika vikombe vichache, ingawa athari hafifu inaweza kuwapo. Kinachofanya kazi katika kiwango cha kikombe ni kule kuziba vipokezi vya adenosini. Kwa maneno mengine, mnywaji wa kawaida huathiriwa zaidi na mlango wa nne kati ya minne iliyotajwa. Milango ya kalsiamu yenyewe huguswa kwa njia ya mzunguko tu, kupitia kwa ishara ambazo adenosini ingezituma.

Kuna hali moja ya kitabibu ambapo nguvu ya kafeini juu ya mlango wa rayanodini hutumiwa kwa makusudi. Watu wachache huzaliwa na kasoro katika mlango huo kwenye misuli ya mifupa, na wakipewa aina fulani za dawa ya nusukaputi joto la mwili hupanda kwa hatari. Katika vituo maalumu ng'ambo, kipande kidogo cha msuli wa mtu anayeshukiwa kuwa na kasoro hiyo hutumbukizwa katika kafeini. Kikikaza kwa kafeini kidogo kuliko kawaida, madaktari hujua kwamba mgonjwa huyo ahitaji dawa nyingine wakati wa upasuaji.

Pumu na hewa ya Eastlands

Baba Dogo ni mojawapo ya wadi 5 za eneobunge la Ruaraka, pamoja na Utalii, Mathare North, Lucky Summer na Korogocho. Viwanda na makazi vimekaribiana. Ng'ambo ya Mto Nairobi kutoka Korogocho kuna jaa la Dandora, lililofunguliwa mwaka 1975 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini likaendelea kupokea taka kwa miaka mingi baadaye.

Mwaka 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitoa ripoti kuhusu watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichopita kile kilichokubaliwa kimataifa wakati huo, na karibu nusu walikuwa na maradhi ya njia ya hewa, yakiwemo pumu na mkamba wa muda mrefu. Risasi, itajwe kwa kuwa inahusu mada hii, ni adui wa kalsiamu: hujifanya kama kalsiamu, hupenya kupitia milango yake na kushikana na protini zake, ikiwemo kalmodulini.

Katika pumu, misuli laini inayozunguka vijia vya hewa hukaza kupita kiasi, na kuta za vijia hivyo huvimba na kujaa makamasi. Moshi, vumbi, baridi na harufu kali vinaweza kuanzisha shambulio.

Imani kwamba chai ya rangi iliyokolezwa au kahawa nyeusi hufungua kifua si geni, na ina msingi. Daktari Henry Hyde Salter wa London, ambaye mwenyewe alikuwa na pumu, aliisifu kahawa nzito kama tiba katika maandishi yake ya miaka ya 1859 na 1860. Baadaye ndugu wa karibu wa kafeini, teofilini, aligeuzwa kuwa dawa ya pumu, na kwa miaka mingi aminofilini, ambayo hutengenezwa kutokana naye, ilidungwa wagonjwa waliozidiwa. Ini la binadamu hubadilisha sehemu ndogo ya kafeini, karibu asilimia 4, kuwa teofilini.

Lakini nguvu ya kikombe ni ndogo. Mapitio ya shirika la Cochrane yaliyochapishwa mwaka 2010, yaliyojumuisha majaribio 7 yenye washiriki 75, yalionyesha kwamba kafeini huboresha kidogo utoaji wa hewa, kwa kiasi cha asilimia 5 hivi, kwa muda wa saa 2 na pengine hadi saa 4. Mtu aliyeshikwa na shambulio kali anaweza kuwa amepoteza nusu ya uwezo wake wa kutoa pumzi. Asilimia 5 haimwokoi.

Dawa ya kuvuta ya salbutamoli hufika moja kwa moja kwenye vijia na kuongeza AMP ya mzunguko kwa kasi, ndani ya dakika chache. Nayo hulegeza msuli tu. Uvimbe huhitaji dawa za aina ya steroidi za kuvuta, zinazotumiwa hata siku ambazo mgonjwa anajihisi mzima. Tangu mwaka 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu ujulikanao kama GINA umeacha kupendekeza mtu mzima atibiwe kwa salbutamoli pekee bila steroidi hizo. Kafeini haipunguzi uvimbe kwa kiasi cha kutibu pumu.

Aidha, mgonjwa anayetumia vidonge vya teofilini anapaswa kupunguza chai na kahawa, kwa maana kemikali hizo mbili huongezana nguvu. Mapigo ya moyo huenda mbio, mikono hutetemeka na kichefuchefu huingia. Pia, anayekwenda kupimwa mapafu hushauriwa asinywe kafeini saa kadhaa kabla ya kipimo, isije ikaficha ugonjwa.

Mishipa ya damu na presha

Katika mishipa ya damu, kafeini huvuta pande mbili. Kwa kuziba adenosini, huondoa kitu kilichokuwa kikiipanua mishipa, hivyo mishipa mingi hukaza. Papo hapo huchochea kuta za ndani za mishipa kutoa gesi ya naitriki oksidi, inayolegeza misuli laini. Kwa mtu asiyezoea kafeini, mvutano huo huishia kwa shinikizo kupanda.

Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kwa watu wenye shinikizo la juu, miligramu 200 hadi 300 za kafeini ziliongeza kipimo cha juu kwa takriban pointi 8, na athari hiyo ilidumu kwa saa 3 au zaidi. Wanaokunywa kila siku huzoea, na kupanda huko hupungua.

Jambo hilo lina uzito kwa Kenya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu visababishi vya magonjwa yasiyoambukiza ulibaini kwamba karibu asilimia 24 ya watu wazima walikuwa na shinikizo la juu, na wengi wao hawakuwa wamewahi kupimwa. Anayekwenda kupimwa katika kituo cha afya anashauriwa kukaa dakika 30 bila kunywa chai, kahawa wala kuvuta sigara, ili kipimo kisidanganye. Na anayetumia amlodipini au nifedipini asidhani kwamba kafeini itazifungua tena milango ambayo dawa imeizuia. Kafeini ya kikombe hupandisha shinikizo kwa njia nyingine, lakini inaweza kuifanya kazi ya dawa iwe ngumu zaidi.

Mishipa ya ubongo nayo hukazwa na kafeini. Hii ni sababu mojawapo ya kuwekwa katika dawa za kuumwa kichwa. Kidonge kimoja cha Panadol Extra, kwa mfano, kina miligramu 65 za kafeini pamoja na parasetamoli. Kinyume chake, aliyezoea kafeini akikatiza ghafla, adenosini hurudi kwa nguvu, mishipa ya ubongo hupanuka na kichwa humuuma kati ya saa 12 na 24 baadaye. Wengi huyaonja maumivu hayo katika siku za kwanza za mwezi wa Ramadhani. Kupunguza kikombe kimoja kimoja wiki chache kabla ya mfungo husaidia.

Tumbo, kibofu na mji wa mimba

Mwishoni mwa umio, kabla ya tumbo, kuna msuli laini unaofanya kazi ya bawabu ili asidi isipande juu. Kafeini huweza kuulegeza. Watu wanaosumbuliwa na kiungulia hupata nafuu wanapopunguza kahawa, hasa kabla ya kulala.

Kwenye utumbo mpana, kahawa huamsha mwendo ndani ya dakika chache. Hata hivyo, kahawa iliyoondolewa kafeini nayo hufanya hivyo kwa kiasi fulani, kwa hiyo lawama haiwezi kutupiwa kafeini pekee. Katika kibofu, kafeini huongeza haja ya kukojoa ghafla na mara kwa mara, na wenye tatizo la kushindwa kuzuia mkojo hushauriwa kuipunguza.

Kuhusu ujauzito, tahadhari inatokana zaidi na muda ambao kafeini hukaa mwilini. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini huondoka kwa takriban saa 5. Mimba inapokuwa kubwa, muda huo hufikia saa 15 hivi, na mtoto aliye tumboni hana uwezo wa kuivunja. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza mwaka 2016 kwamba mjamzito anayetumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku apunguze, ili kuepusha hatari ya kupoteza mimba na kuzaa mtoto mwenye uzani mdogo.

Sumu kwa mmoja, dawa kwa mwingine

Watoto njiti huweza kusahau kupumua. Kwao, kafeini ni dawa ya kuokoa maisha, inayotolewa kwa kipimo maalumu hospitalini ikiwa katika umbo la kafeini sitreti. Hapa inafanya kazi katika ubongo, kwa kuziba adenosini inayozima hamu ya kupumua. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2006, lililohusisha watoto 2,006 katika nchi kadhaa, lilionyesha kwamba waliopewa kafeini walipata madhara machache zaidi ya mapafu. Mwaka 2022, WHO iliipendekeza rasmi kwa njiti wanaositisha pumzi. Ni marufuku kwa mzazi kujaribu kumpa mtoto mchanga chai au kahawa kwa nia hiyo. Mtoto huyo anaweza kuchukua siku 3 hadi 4 kuondoa nusu tu ya kafeini aliyopewa.

Kiasi kinachofaa

Kahawa ililetwa Bura, Taita, na wamishenari mwaka 1893, na chai ikapandwa Limuru mwaka 1903. Leo Wakenya huuza sehemu kubwa ya kahawa yao ng'ambo, na wao wenyewe hunywa zaidi chai. Kahawa ya arabika, ilimwayo zaidi nchini, huwa na kafeini karibu asilimia 1.2 ya uzito wa buni, ilhali robusta inayotawala nchini Uganda huwa na takriban asilimia 2. Kikombe cha chai huwa na miligramu 30 hadi 50, kutegemea wingi wa majani na muda wa kuchemsha. Kahawa huwa na miligramu 80 hadi 100 au zaidi. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu huwa na miligramu 80 hivi, sawa na vikombe viwili vya chai, na hunyweka kwa muda mfupi zaidi.

Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba miligramu 400 kwa siku hazina hatari kwa mtu mzima mwenye afya, na kwamba mjamzito asizidishe 200. Mfanyakazi wa zamu ya usiku anayechanganya chai, makopo mawili ya kinywaji cha nguvu na vidonge vya kichwa anaweza kuvuka kiwango hicho bila kujua, kwa kuwa hakuna anayemhesabia.

Ikumbukwe pia kwamba baadhi ya dawa, kama vile siprofloksasini ya kuua bakteria, huzuia ini kuvunja kafeini, na kikombe kilekile cha kila siku huweza kumletea mtu mapigo ya moyo na kukosa usingizi. Ni vyema kumuuliza mfamasia.

Kwa mgonjwa wa pumu aliye mbali na dawa yake, kikombe cha kahawa nzito hakina ubaya wakati anatafuta usaidizi, mradi kisimcheleweshe. Dalili za hatari ni kushindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo kubadilika rangi, na mbavu kuzama ndani wakati wa kuvuta hewa. Anayeonyesha dalili hizo apelekwe hospitali mara moja. Milango ya kalsiamu katika mapafu yake imekwisha kufunguka, na chai haina nguvu za kuifunga.